Shule ya Siri ya Kazan

Mkataba wa Versailles wengi wetu tunaukumbuka kwa jambo moja tu: ndio ulioipokonya Ujerumani makoloni yake, na Tanganyika ikaangukia mikononi mwa Mwingereza. Mwalimu wa historia aliandika ubaoni, tukanakili, tukajibu mtihani, yakaisha. Lakini mkataba huo, uliosainiwa tarehe 28 Juni 1919, ulikuwa na vifungu 440. Jeshi la Ujerumani lilipunguzwa likabaki na watu 100,000. Ndege za kivita marufuku. Nyambizi marufuku. Na kifungu cha 171 kilisema Ujerumani haitaruhusiwa kutengeneza wala kuingiza nchini magari ya deraya na vifaru.

Sasa jiulize swali ambalo limenikaa kichwani wiki kadhaa. Mwaka 1919 nchi inakatazwa kumiliki hata kifaru kimoja. Mwaka 1940 nchi hiyohiyo inaiangusha Ufaransa kwa wiki sita, vifaru vikiwa mbele. Ukiwa na viwanda, vifaru unaweza kuvitengeneza harakaharaka. Je, watu wa kuvitumia unawapata wapi? Nani aliwafundisha, wapi, na kwa vifaru vipi?

Sehemu ya jibu iko mbali kabisa na Berlin. Iko Kazan, mji ulio kando ya mto Volga, ndani ya nchi ambayo Wajerumani haohao walikuja kuivamia baadaye. Ni kisa cha mwalimu na mwanafunzi ambao walikuwa maadui watarajiwa, na wote wawili walijua hivyo.

Kazi tano ndani ya sanduku la chuma

Kwanza tuelewane kuhusu kifaru chenyewe. Kikipita kwenye gwaride watu hushangilia, wengine wanapiga picha. Wanachopiga picha ni chuma. Waliomo ndani hawaonekani, labda kichwa kimoja tu kimejitokeza juu kinapiga saluti. Nafikiri hapo ndipo tunapoanza kukosea.

Vifaru viliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916 kwenye mapigano ya Somme kule Ufaransa, na walioviingiza ni Waingereza. Ndani yake kulikuwa na joto, moshi wa injini na kelele ambazo hazikumruhusu mtu kumsikia aliyekaa naye bega kwa bega. Amri zilitolewa kwa ishara za mikono na kwa kugonga chuma. Habari za kupeleka nyuma zilibebwa na njiwa. Naam, njiwa! Wajerumani wao walitengeneza vifaru 20 hivi tu vya aina yao, vita vikaisha.

Miaka iliyofuata wataalamu walianza kuelewa kwamba ndani ya kifaru kuna kazi tano. Kuna dereva, ambaye anaendesha huku akichungulia kwenye tundu dogo. Kuna anayepakia kombora mzingani. Kuna mlenga shabaha, jicho lake kwenye darubini. Kuna mtu wa redio. Na kuna kamanda, ambaye kazi yake ni kuona, kuchagua na kuamua.

Chukua kazi moja tu, ya kulenga. Kombora la enzi zile haliendi moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Linapanda kidogo kisha linashuka. Ukikadiria kwamba adui yuko mita 600 kumbe yuko mita 900, kombora litaanguka mbele yake na kurusha vumbi. Hapo kamanda anatakiwa aone lilipoangukia, amwambie mlenga shabaha aongeze umbali, mpakiaji awe ameshaingiza kombora la pili, na dereva asiwe amekitikisa kifaru. Yote haya kwa sekunde chache, maana adui naye anafanya hesabu hiyohiyo juu yako. Ukiwa na watu watano hodari ambao hawajawahi kufanya kazi pamoja, wewe bado huna kifaru.

Na hiyo ni ngazi ya kwanza tu. Ngazi ya pili ni mbinu: platuni inapovuka uwanda, nani anakwenda na nani anasimama kumlinda, lini ujifiche nyuma ya kilima ukaacha mzinga peke yake ukichungulia. Ngazi ya tatu ni ya wakubwa: vifaru ulivyonavyo uvigawe kidogokidogo kwa askari wa miguu, au uvikusanye pamoja kama ngumi? Nchi iliyokatazwa vifaru ilitakiwa ijifunze ngazi zote tatu.

Waliotengwa wawili

Mwaka 1922 Ujerumani na Urusi ya Wabolsheviki zilisaini mkataba wa Rapallo. Zote mbili zilikuwa zimetengwa. Moja ilikuwa imeshindwa vita, nyingine ilikuwa imemwua mfalme wake na kukataa kulipa madeni yake. Jenerali Hans von Seeckt, aliyeliongoza jeshi la Ujerumani, hakuwapenda wakomunisti hata kidogo. Lakini aliona kwamba Urusi ina kitu ambacho Ujerumani haikuwa nacho, yaani ardhi kubwa isiyofikiwa na wakaguzi wa Versailles. Warusi nao walitaka kitu ambacho Wajerumani walikuwa nacho, yaani maofisa waliosomea vita kama taaluma.

Basi wakakubaliana. Shule ya marubani ikafunguliwa Lipetsk mwaka 1925. Mwaka 1926 wakasaini makubaliano ya shule ya vifaru Kazan, kwenye kambi ya zamani ya kikosi cha askari farasi. Iliitwa Kama. Wengi husema jina hilo linatokana na Kazan na Malbrandt, ofisa wa Kijerumani aliyechagua mahali penyewe. Masomo yalianza mwaka 1929.

Usiri wake unafurahisha ukiusoma leo. Wajerumani waliokwenda kusoma walivaa sare za Jeshi Jekundu zisizo na alama za vyeo. Vifaru vya majaribio vilivyotengenezwa na viwanda vya Krupp, Rheinmetall na Daimler-Benz vilisafirishwa hadi Kazan na kwenye makaratasi viliitwa matrekta. Kulikuwa na "trekta kubwa" lenye mzinga wa milimita 75, na "trekta jepesi" lenye mzinga wa milimita 37. Sijui mkulima gani angelima kwa trekta la namna hiyo.

Masomo yalichanganya darasa na uwanja. Kulikuwa na ufundi wa injini, udereva kwenye ardhi mbaya, matumizi ya redio, kulenga shabaha, kisha mbinu za platuni na kombania. Wajerumani walisoma, na Warusi walisoma. Mmoja wa wakufunzi alikuwa Ernst Volckheim, ambaye alikuwa amepigana ndani ya kifaru katika Vita vya Kwanza vya Dunia na miaka ya 1920 akaandika sana kuhusu vifaru wakati nchi yake haikuwa navyo. Mkuu wa mwisho wa shule alikuwa Josef Harpe. Mshike jina hilo, tutakutana naye tena.

Tusiikuze shule hii kupita kiasi. Matrekta yaliharibika mara kwa mara. Warusi walinung'unika kwamba Wajerumani hawaleti vitu vipya, na wakaamua kununua vifaru vya mfano Uingereza na Marekani. Hadi Kama inafungwa mwaka 1933, baada ya Hitler kuingia madarakani, Wajerumani waliopita pale kama wanafunzi walikuwa 30 hivi. Warusi walikuwa kama 65. Idadi hiyo haijazi hata mabasi mawili makubwa.

Lakini angalia hao 30 walikwenda kufanya nini.

Mbegu haihesabiwi kwa gunia

Walirudi nyumbani kuwa walimu. Nyumbani kwenyewe mazoezi yalikuwa ya kuchekesha. Kwenye luteka, vifaru vya Wajerumani vilikuwa magari madogo yaliyofunikwa turubai na mbao. Heinz Guderian, ofisa aliyekuja kuwa maarufu kwa vita vya vifaru, alikumbuka baadaye jinsi watoto wa shule walivyokuwa wakitoboa turubai hizo kwa penseli ili waone kuna nini ndani. Watu walicheka. Hata hivyo maofisa waliokuwa wakichekwa walikuwa wakijifunza ngazi ya pili na ya tatu: nani afuate nani, amri ipite vipi, vifaru vikusanywe wapi. Hayo yote hayahitaji chuma.

Guderian mwenyewe alikuwa ametokea kwenye mawasiliano ya redio katika Vita vya Kwanza. Mwaka 1932 alikwenda Kazan pamoja na mkuu wake, Jenerali Lutz, kuangalia majaribio. Yeye na wenzake walishikilia jambo ambalo wengi waliliona la anasa: kila kifaru kiwe na redio, hata kama ni ya kupokea tu. Tena wakataka mnara wa kifaru, kile kichwa cha juu kinachozunguka, uwe na nafasi ya watu watatu. Mmoja apakie, mmoja alenge, na kamanda aachwe huru atumie macho na akili.

Mwaka 1935 Hitler alipouchana mkataba wa Versailles hadharani, divisheni tatu za kwanza za vifaru ziliundwa mwezi Oktoba mwaka huohuo. Shule ya vifaru ilikuwa Wünsdorf, kusini mwa Berlin, na ya kulenga shabaha ilikuwa Putlos, kwenye pwani ya bahari ya Baltiki. Waliopita Kazan walikuwa miongoni mwa wakufunzi na makamanda. Mmoja wao, Wilhelm von Thoma, alipelekwa Hispania mwaka 1936 kuwafundisha askari wa Franco.

Halafu ikaja Mei 1940. Wafaransa walikuwa na vifaru vingi kuliko Wajerumani, na vingi vilikuwa na chuma kinene kuliko vya wavamizi. Tarehe 16 Mei, katika kijiji cha Stonne, kifaru kimoja cha Kifaransa aina ya Char B1 bis kilichoongozwa na Kapteni Pierre Billotte kilipigwa mara 140 bila kutobolewa, na kikaharibu vifaru 13 vya Wajerumani. Chuma kilikuwepo, jamani. Ushujaa ulikuwepo.

Lakini ingia ndani ya mnara wa kifaru hicho. Mtu ni mmoja. Kamanda huyohuyo anapakia mzinga wa juu, analenga, anafyatua, anatafuta adui, na anatakiwa pia aongoze wenzake. Vifaru vingi vya Kifaransa havikuwa na redio. Na vingi viligawanywa kidogokidogo kusaidia askari wa miguu. Mjerumani mwenye mzinga mdogo alisimama kidogo, akafyatua, akaambiwa kwenye redio kwamba ubavuni kuna upenyo, akapita. Mfaransa alikuwa bado anapakia.

Mwanafunzi aliyechoma madaftari

Sasa turudi kwa wale 65. Hapa ndipo kisa hiki kinaponiuma.

Jeshi Jekundu halikuwa mwanafunzi mzembe. Mwaka 1932 liliunda vikosi vikubwa vya vifaru, miaka mitatu kabla ya Wajerumani kuunda divisheni zao. Mikhail Tukhachevsky na wenzake walikuwa wameandika kuhusu vita vya kupenya mbali nyuma ya adui kwa namna ambayo wasomi wa kijeshi wanaisoma mpaka leo. Innokenty Khalepsky, aliyesimamia idara ya mitambo, ndiye aliyezunguka Ulaya na Marekani akinunua mifano.

Mwaka 1937 Stalin alianza kulisafisha jeshi. Tukhachevsky alipigwa risasi mwezi Juni mwaka huo, pamoja na Ieronim Uborevich, ambaye alikuwa ametumwa Ujerumani kusoma. Khalepsky aliuawa mwaka 1938. Tukhachevsky na wenzake walishtakiwa kwamba ni majasusi wa Ujerumani. Fikiria hapo. Urafiki na jeshi la Ujerumani uliagizwa na serikali yenyewe, ukasainiwa na serikali, ukalipiwa na serikali. Miaka michache baadaye kule kukutana na Wajerumani kukawa ushahidi wa usaliti. Maofisa maelfu kwa maelfu walifukuzwa, kufungwa au kuuawa. Novemba 1939 vile vikosi vikubwa vya vifaru vikavunjwa. Mwaka 1940, baada ya kuona yaliyoipata Ufaransa, wakaanza kuviunda upya kwa haraka, na walimu wengi wameshazikwa.

Tarehe 22 Juni 1941 Wajerumani wakavamia. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na vifaru zaidi ya 20,000, vingi kuliko jeshi lolote duniani. Kati ya hivyo kulikuwa na T-34 na KV, ambavyo mizinga mingi ya Wajerumani haikuweza kuvitoboa kwa mbele. Karibu na Raseiniai kule Lithuania, KV kimoja kilikaa barabarani kikaisumbua divisheni ya Wajerumani kwa zaidi ya siku nzima.

Lakini madereva wengi wa vifaru hivyo vipya walikuwa wameviendesha kwa saa chache tu. Sio wiki. Saa. Kikosi cha Nane cha Mitambo chini ya Jenerali Dmitry Ryabyshev kilizungushwa huku na huko karibu kilomita 500 kabla ya kupigana, kikapoteza karibu nusu ya vifaru vyake njiani. Adui hakuwa amefyatua sana. Giaboksi zilikufa, mafuta yaliisha, vingine vilizama kwenye matope. Kwenye T-34 mnara ulikuwa wa watu wawili, kwa hiyo kamanda ndiye mlenga shabaha. Redio ilikuwa kwa mkubwa wa kombania. Wengine waliongozwa kwa bendera za ishara, na sijui ni nani anayeona bendera katikati ya moshi. Hadi mwisho wa mwaka maelfu ya vifaru yalikuwa yamepotea, na vijana waliokuwemo ndani yake ni wa umri wangu na wako.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu uliachwa kwa kalamu ya mtu mmoja, ukuta ukajengwa kwa maiti.

Kujifunza upya

Oktoba 1941, karibu na mji wa Mtsensk, mambo yalianza kubadilika. Kanali Mikhail Katukov alikuwa na brigedi moja tu ya vifaru, lakini alikuwa amepata muda wa kuifundisha. Alivificha vifaru vyake msituni na nyuma ya vilima, akaviacha vya Wajerumani vikaribie, akavipiga ubavuni, kisha akahamisha watu wake kabla hawajajibiwa. Aliyepata hasara pale ni Divisheni ya Nne ya vifaru, iliyokuwa chini ya Guderian, yuleyule aliyetembelea Kazan miaka tisa kabla. Mmoja wa vijana wa Katukov, Dmitry Lavrinenko, anahesabiwa kuharibu vifaru 52 kabla ya kuuawa Desemba mwaka huohuo. T-34 za Mtsensk zilikuwa T-34 zilezile za mwezi Juni. Kilichobadilika ni watu na jinsi walivyopangwa.

Warusi waliendelea kujifunza kwa bei ya damu. Mwaka 1944 wakatoa T-34 mpya yenye mzinga wa milimita 85 na mnara wa watu watatu. Kamanda akapata tena macho yake.

Na Wajerumani? Wao walikwenda njia ya kinyume. Walitengeneza vifaru vizito na vya kutisha zaidi, huku mafuta ya kufanyia mazoezi yakipungua na walimu wakipelekwa mstari wa mbele kufa. Septemba 1944, karibu na Arracourt mashariki mwa Ufaransa, brigedi mpya zenye vifaru vipya vya Panther ziliingia kwenye ukungu dhidi ya Wamarekani wenye Sherman. Kwa chuma na mzinga, Panther kilikuwa juu. Lakini waliokuwemo walikuwa wageni kwa kifaru, wageni kwa eneo, na wageni wao kwa wao. Wamarekani waliwapiga vibaya. Ilikuwa kama Juni 1941, ila safari hii zamu ilikuwa ya Mjerumani.

Nilisema tutakutana na Josef Harpe. Januari 1945 alikuwa jenerali mkubwa, akiongoza Kundi la Majeshi A huko Poland. Tarehe 12 mwezi huo Jeshi Jekundu lilianza kushambulia kutoka mto Vistula. Vifaru vilikusanywa kama ngumi, vikapenya, vikaenda mbali nyuma bila kusubiri. Mwisho wa mwezi vilikuwa kwenye mto Oder, kilomita 70 hivi kutoka Berlin. Hitler akamfukuza kazi Harpe. Mkuu wa shule ya Kazan aliangushwa kwa somo ambalo shule yake ilifundisha pande zote mbili.

Kwa nini nimeyaandika haya? Mimi ni mwandishi wa gazeti. Mtambo mpya ukinunuliwa mahali popote, uwe wa jeshi, wa hospitali au wa bandari, tunaandika bei, tunaandika nchi ulikotoka, tunapiga picha mheshimiwa akikata utepe. Ni mara chache nimeona swali la pili likiulizwa: nani ataushika, amefundishwa kwa saa ngapi, na aliyemfundisha bado yupo? Mwaka 1941 swali hilo lilikuwa na majibu, na majibu yake yalikuwa yameteketea ndani ya vifaru kando ya barabara za Ukraine.

Kazan mpaka leo kuna chuo cha makamanda wa vifaru. Matrekta ya Wajerumani yalirudishwa kwao, na baadhi yaliishia kuwa mapambo mbele ya kambi za jeshi. Chuma kilistaafu mapema. Kilichokwenda vitani ni kile kilichokuwa kimeingia vichwani.